Ziwa Ni Letu, Mbona Tunaomba Ruhusa Getini?

Ukisimama juu ya Longonot, upande wa magharibi wa kreta, Ziwa Naivasha unaliona kama limewekwa hapo kwa ajili yako. Hakuna geti. Hakuna ukuta. Hakuna soja wa kukuuliza umetoka wapi. Ni maji tu yanang'aa kama bati jipya, na kando yake kijani, na paa nyeupe za mashamba ya maua.

Tulikuwa watano. Tulitoka Nairobi saa kumi na moja asubuhi, tukashuka Longonot, tukalipa kiingilio cha mbuga, tukapanda. Ule mlima una mita 2,776, na kuzunguka mdomo wa kreta ni kilomita 7.2 za vumbi linaloingia hadi kwa meno. Mmoja wetu, ambaye sitamtaja kwa sababu nina deni lake, alikaa chini mara nne akisema tumwache afie hapo. Lakini tulipofika upande wa ziwa hata yeye alinyamaza. Halafu akasema, "Manze, si tushuke tuingie kwa hiyo maji?"

Hiyo ndiyo ilikuwa plani. Kushuka, kufika ziwani, kupanda boti, kukula samaki, kurudi nyumbani kabla mathee hajaanza kupiga simu. Plani ya mtoto wa darasa la tatu. Wacha niwaambie ilivyotuendea, halafu niwaambie kwa nini nimekasirika, halafu mniambie kama nimekosea.

Tulifika Naivasha mjini saa nane hivi, tukachukua matatu ya South Lake. Ile barabara inafuata ziwa kilomita nyingi sana. Ziwa liko mkono wa kulia. Unajua liko kulia kwa sababu ramani ya simu inasema hivyo. Kwa macho yako unaona ua, seng'enge, ukuta, geti, ubao wa hoteli, ukuta tena, shamba la maua, geti. Mara moja moja unaona kipande cha buluu katikati ya miti, halafu kinapotea.

Tukashuka kwa geti la kwanza. Soja alikuwa mtu mpole, sitamsema vibaya.

"Karibuni. Mna buking?"

"Hapana mkubwa, hatulali. Tunataka tu kuona ziwa."

"Kuona ziwa ni 1,500 kila mtu. Lakini mnapewa soda."

"Na bila soda?"

Akacheka. Sisi pia tukacheka, lakini yetu ilikuwa ile ya kuficha aibu. Piga hesabu: watu watano, shilingi 7,500. Na hapo hujapanda boti, hujakula. Umelipa kuangalia maji, ukapewa soda ya kukufuta machozi.

Geti la pili tuliambiwa hakuna kuingia na chakula cha nje, na rafiki yangu alikuwa na chapati nne kwa begi. Geti la tatu tuliangaliwa viatu vyetu vya vumbi kutoka chini hadi juu, halafu tukaambiwa leo ni siku ya familia. Mimi nikauliza kama watu watano wanaogawana chapati si familia. Sikujibiwa. Geti la nne hatukushuka kwa matatu.

Nilivyorudi nyumbani nilifungua Katiba. Najua, Katiba si kitu mtu husoma Jumapili usiku, lakini hasira ni mwalimu mzuri. Kifungu cha 62 kinaeleza ardhi ya umma ni ipi, na ndani ya orodha hiyo kuna mito, maziwa na maeneo mengine ya maji kama sheria inavyoyaeleza. Serikali ya kitaifa inayashikilia kwa niaba ya wananchi, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayasimamia. Kwa niaba ya wananchi. Hiyo ni wewe, ni mimi, ni yule rafiki yangu wa chapati.

Sasa, kabla mtu hajanikujia na wakili, nielewe vizuri. Sisemi soja alivunja sheria. Sisemi kila hoteli imenyakua kitu. Mtu akiwa na hati halali ya shamba lake, ndani ya shamba lake ana haki ya kuweka bei na kukataa chapati zangu. Ninachosema ni hiki: ukipanga mashamba ya watu binafsi moja baada ya lingine kando ya ziwa, na njia za kupita zikazidi kuwa chache na nyembamba, umelifunga ziwa bila kugusa tone la maji. Kwenye karatasi linabaki la umma. Ni kama kuambiwa sufuria ya ugali ni yenu wote nyumbani, lakini jikoni kuna kufuli, na ufunguo uko na mtu mmoja, na huyo mtu anauza sahani.

Sasa niingie kwa makosa yangu mwenyewe, kabla hamjanichimbia.

Mwaka jana mahali fulani huko Naivasha walinilaza siku mbili bure. Kazi yangu ilikuwa kupiga video. Nikapiga. Mimi na gauni jeupe kwenye nyasi, mimi na juisi, mimi na twiga kwa mbali, ziwa nyuma yangu likiwa kama pazia la studio. Nikaandika juu yake "Siri ya Naivasha." Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Chini yake mtu mmoja aliandika: "Naivasha ni ya wenye doo, sisi tutaiona kwa simu." Mimi nikamjibu na kikaragosi cha kucheka.

Nimefikiria hicho kikaragosi wiki tatu sasa. Kwa sababu huyo mtu hakuwa anacheka. Alikuwa ameelewa somo nililomfundisha: kwamba ziwa liko nyuma ya geti, na geti ni la wale wenye ganji. Sikuwahi kumwambia kuna mlango mwingine. Na ukweli ni kwamba hata mimi sikuujua, kwa sababu sikuwahi kuutafuta.

Aliyetuonyesha huo mlango ni kondakta. Alituona tumesimama kando ya barabara na sura za watu waliofiwa, matatu yake ikiwa inarudi mjini. Akatoa kichwa nje.

"Nyinyi mnatafuta hoteli ama mnatafuta ziwa?"

Manze. Hilo swali. Siku nzima hakuna mtu alikuwa ametuuliza hivyo.

"Ziwa."

"Basi ingieni. Nitawashusha kwa steji ya wavuvi. Mkishuka, fuateni harufu ya samaki."

Njia ilikuwa katikati ya ua mbili, nyembamba hivi kwamba ng'ombe wawili wakikutana, mmoja anarudi nyuma. Haikuwa na ubao. Ukipita na gari huwezi kuiona. Sitataja jina la hiyo bichi, kwa sababu shida zake si zake peke yake na sitaki mtu mmoja abebeshwe lawama za wengi. Lakini nitawaambia nilichoona, kizuri na kibaya, bila kupaka mafuta.

Kibaya: chupa za plastiki mpaka ndani ya maji. Choo kimoja, na kilikuwa na kufuli. Vichwa vya samaki vimetupwa, na wale makorongo wakubwa wenye vipara wamesimama juu yake kama wazee wa mtaa kwenye kikao. Hakuna kivuli cha maana. Hakuna mahali pa kubadilisha nguo.

Kizuri: watu. Wavuvi wanashona nyavu. Akina mama watatu wanakaanga tilapia, na samaki mzima na ugali nililipa 300. Watoto wanarusha mawe majini. Kijana wa rika langu na ndoano, ametulia tuli kama ameambiwa ziwa litamjibu maswali yake. Mzee mmoja wa Kimaasai na ng'ombe wake kumi na kitu, wamekuja kunywa maji kwa njia ile ile tuliyopita. Hakuna aliyetuangalia viatu. Tulikula chapati zetu hapo hapo.

Boti tulipatana na mzee mmoja aliyekuwa na jaketi za kuelea zimetundikwa kwa fimbo kama nguo za mtumba. Akatupa kila mtu yake. Mmoja wetu akasema yeye hataki, itamharibia picha. Mzee hakugombana. Alizima injini, akakaa, akakunja mikono.

"Mzee, si twende?"

"Tutaenda akivaa. Ama ashuke. Mimi nimewahi kutafuta mtu ndani ya hii maji, msichana wangu. Sitaki tena."

Alivaa. Na wewe utavaa. Hii si sehemu ya hasira yangu, hii ni amri. Wengi wetu tumekulia mtaa ambapo maji mengi kabisa tuliyowahi kuona ni ya tangi kwa paa. Hatujui kuogelea. Picha bila jaketi si ujanja.

Tulipofika katikati, upepo ulikuwa umeanza, na boti ikawa inapiga mawimbi pap, pap, pap. Mzee akatuambia asubuhi ndiyo wakati mzuri, maji yakiwa yamelala, na alasiri ziwa huamka. Jina lenyewe linasema hivyo: Naivasha inatoka kwa neno la Kimaasai, Nai'posha, maji yanayochafuka kwa mawimbi. Watu waliolipa ziwa hilo jina walikuwa wanaleta ng'ombe hapo kabla ya hoteli ya kwanza, kabla ya waridi la kwanza, kabla ya hati ya kwanza. Kisha ukaja mkataba wa 1904, Wamaasai wakahamishwa kutoka sehemu hii ya Bonde la Ufa ili ardhi wapewe walowezi wazungu. Kwa hivyo ukisikia mfugaji anabishana kuhusu njia ya ng'ombe kwenda majini, usifikirie ni mtu anapenda fujo. Anabishania kitu kilichoanza kupunguzwa zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Tuliona viboko, masikio na pua tu, na mzee akakaa mbali nao makusudi. Akatueleza kitu ambacho sikuwa nimewahi kufikiria. Kiboko hulala majini mchana, lakini usiku hutoka kula nyasi. Nyasi zake ni zile za ukingoni. Ukizungushia ukingo ua, ukalima hadi majini, kiboko hakosi njaa. Anapita pale palipobaki wazi, na palipobaki wazi ndipo wavuvi na watu wa kawaida wamebanwa. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko hapa Naivasha akiwa anapiga picha ukingoni. Wavuvi nao hushambuliwa, na wao hawaandikwi sana kwa magazeti ya nje. Tumembana mnyama na maskini kwenye kona moja, halafu tunashangaa wakigongana.

Halafu mzee akageuza boti, ikaangalia nchi kavu. Akasema, "Ukitaka kujua nani amekalia ziwa, usisimame barabarani. Njoo umwangalie kutoka majini." Na ni kweli. Kutoka barabarani unaona ukuta. Kutoka majini unaona bustani za watu zimeshuka mpaka matete, gati za mbao, viti vya kuotea jua. Na katikati ya hizo bustani, ile bichi yetu ilikuwa kama jino moja lililobaki kwa mdomo.

Nikamuuliza kama nayo itabaki. Akanyamaza kidogo.

"Walikuja na vigingi kupima. Hatukujua ni nani amewatuma."

"Lini?"

"Jumanne. Mvua ilikuwa inanyesha, samaki hakukuwa, wengi wetu tulikuwa nyumbani. Walikuwa wamepiga vigingi vitatu. Mama mmoja wa samaki ndiye alipiga nduru, tukakuja, wakaondoka. Nyinyi wa Nairobi mkiwa hapa Jumamosi hawawezi kuja. Lakini hamkuji."

Wasee, nilitaka kumwambia kwamba si makosa yetu. Nikafungua mdomo, nikakumbuka gauni jeupe, nikaufunga.

Hii ndiyo hoja yangu, na nitaisema wazi ili kila mtu ajue anapinga nini. Mahali pa umma pasipo na watu ni kiwanja kinachongoja mnyakuzi. Sisi vijana wa mjini tunalalamika kuhusu unyakuzi kila siku kwa simu, lakini wikendi ikifika tunapeleka miguu yetu na pesa zetu nyuma ya geti, na bichi za umma tunaziita za watu wa chini. Halafu zikiuzwa tunaandika "Kenya yetu hii" na kikaragosi cha kulia. Mnyakuzi haogopi vikaragosi. Anaogopa mama wa samaki anayepiga nduru, na watu 200 ambao wako hapo kila wiki na wanaweza kusema mbele ya tume: mimi nimepita njia hii, niliipita mwezi uliopita, hii hapa video yangu.

Najua mtaniambia nini. Nimeishi na nyinyi kwa muda, nawajua.

Mtasema hoteli zinaajiri watu. Kweli, na mashamba ya maua pia. Watu wengi sana Naivasha wanakula kwa sababu ya hizo kazi, na sitaki hata moja ifungwe. Lakini njia ya upana wa gari moja haiwezi kufilisi hoteli. Na ule mzee wa boti, wale akina mama, wale vijana wa nyavu, nao wana kazi. Kazi yao haina sare na haina kibandiko cha jina, lakini karo inalipwa. Njia ikifungwa, hizo kazi ndizo zinakufa.

Mtasema bichi za umma ni chafu. Ni chafu, nimewaambia mwenyewe. Lakini jiulize kwa nini. Mahali ambapo kiongozi haoni wapiga kura, hapeleki pipa la taka. Uchafu si sababu ya kuacha mahali, ni sababu ya kumpigia MCA simu. Na chupa zile hazikushuka na mvua kutoka mbinguni. Nyingine ni zetu, sisi wa siku moja, tunaokuja na kreti na kurudi mikono mitupu.

Mtasema si salama. Viboko wapo, mawimbi yapo. Ndiyo maana nataka pawe na watu, taa, choo, mlinzi, na boti zinazokaguliwa. Barabara ya Thika pia iliwahi kuua watu wanaovuka kwa miguu. Hatukusema watu waache kuvuka. Tulidai madaraja.

Na mtasema, "Wewe unaongea tu, mambo ya ardhi Kenya ni makubwa kuliko sisi." Hapo ndipo nakataa kabisa, kwa sababu historia yetu inasema kinyume.

Mwaka 1989 walitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai aliandika barua, akapiga kelele, akatukanwa hadi bungeni. Jumba halikujengwa. Januari 1999 alipigwa Karura akijaribu kupanda mti kwenye msitu uliokuwa umegawanywa, na mwezi huo huo wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani kwa ajili ya msitu huo. Leo Karura watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanachumbiana. Jaribu leo kupima kiwanja Karura siku ya Jumanne uone kama utamaliza kigingi cha pili. Ule msitu unalindwa na sheria, ndiyo, lakini pia unalindwa na maelfu ya viatu vya watu wanaoujua kama nyumbani.

Na Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walikuta uwanja wao wa kuchezea umezungushiwa ukuta. Watoto. Waliandamana na sare zao, wakarushiwa vitoa machozi, na nchi nzima ikaona. Ukuta ukaanguka, uwanja ukarudi. Walioshinda hiyo vita walikuwa na miaka kumi, kumi na mbili, na hawakuwa na pesa wala wakili. Walikuwa na kitu kimoja: walikuwa wanautumia ule uwanja kila siku, kwa hivyo ulipoondoka walijua.

Hiyo ndiyo siri yote. Ukitumia kitu, utajua kimeibwa. Sasa ziwa letu hata likinyauka upande mmoja, ni wangapi kati yetu tungejua?

Na ziwa lenyewe halikai pahali pamoja. Linapokea maji ya Malewa na Gilgil, halina mto wa juu ya ardhi unaotoka, kwa hivyo hupanda na kushuka kulingana na mvua na matumizi. Mwaka 2009 lilikuwa limeshuka sana, na watu wakasogea kwenye nchi kavu iliyobaki. Mwaka 2020 maji yakarudi, yakaingia nyumba za watu kule Kihoto. Ziwa linapumua. Ule ukingo mtupu unaouona mwaka wa kiangazi si kiwanja cha bure, ni mahali pa ziwa kupumulia. Ukiuza hapo, utakayemlilia baadaye si mnyakuzi, maana atakuwa ameshauza na kuondoka. Utakuwa unaokoa godoro la mtu maskini aliyenunua mwisho. Tangu 1995 Naivasha imeorodheshwa katika Mkataba wa Ramsar, kati ya maeneo ya ardhi oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Dunia nzima inalijua. Sisi tulio kilomita 90 hivi kutoka hapo ndio tunaliona kwa simu.

Basi tufanye nini? Sitawaambia muende Ikulu. Nawaambia muende ziwani.

Nendeni kwa njia ya umma. Ukifika Naivasha mjini uliza wavuvi wanashushia wapi samaki. Uliza Karagita, uliza Kamere, uliza mama yeyote anayeuza samaki, atakuelekeza. Panda mlima asubuhi siku moja na uwache boti ya asubuhi inayofuata, msirudie kosa letu la kuingia majini upepo ukiwa umeamka. Ukitaka kuvua, uliza kwanza kuhusu leseni na kamati ya bichi, ile huitwa BMU, kwa sababu samaki wana sheria zao na wavuvi wanazifuata kabla yako. Vaa jaketi. Usimkaribie kiboko hata kama picha yako itaonekana ndogo. Lipa mzee wa boti bei mliyopatana, usimkalie ngumu kwa mia mbili halafu ukatoe elfu moja mia tano kwa geti bila kuuliza. Takataka yako irudi na wewe.

Piga video, lakini piga njia. Usianze na uso wako. Anza barabarani, onyesha ua zote mbili, onyesha upana wa njia, sema tarehe kwa sauti, tembea hadi majini bila kukata. Hiyo video haitakuletea wafuasi wengi, lakini siku mtu atakaposema hapo hapajawahi kuwa na njia, itakuwa na thamani kuliko video zangu zote za gauni.

Na mkirudi nyumbani, andikeni. Kila raia ana haki ya kupeleka ombi bungeni, na ana haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Swali letu ni moja na si gumu: kuzunguka Ziwa Naivasha, njia za umma ni ngapi, ziko wapi, na zina upana gani? Tunataka ramani, na kwa kila njia tunataka ubao wa kijani ulioandikwa "Ziwani." Mimi nimeandika barua yangu wiki hii. Jibu likija nitaliweka hapa. Lisipokuja nitaweka hapa kwamba halijaja, kila mwezi, mpaka mchoke na mimi.

Ile video ya "Siri ya Naivasha" nimeitoa. Yule aliyeandika kwamba ataliona ziwa kwa simu, nimemtafuta, nimemwomba msamaha, na tumemwalika. Tunarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, na kikundi chetu kimoja kimechukua likizo kwenda Jumanne inayofuata. Yule wa chapati anasema mlima hapandi tena, yeye atatungoja chini na samaki.

Matatu za kwanza hutoka kabla jua halijachomoza. Bebeni maji na kofia. Na mkiulizwa njiani kama mnatafuta hoteli ama mnatafuta ziwa, jibuni kwa sauti.